Bawa la Kushoto

Bawa lilianguka hata kabla kitambaa cha vumbi hakijaligusa sawasawa. Mke wa mwana, mgeni wa wiki mbili katika nyumba ile, alibaki amesimama juu ya stuli mdomo wazi. Hakuna aliyemtuma kufuta rafu ile. Kiherehere chake tu.

Ndege ile ya mbao, ndefu kama mkono mzima, ilikuwa mali ya mama mkwe. Mama huyo alitengeneza injini za ndege za kweli hadi alipostaafu, na hii aliijenga kwa miaka mitatu, kijiti baada ya kijiti. Kesho ilikuwa iende kwenye maonyesho. Mwenyewe alikuwa amekwenda kusukwa nywele, arudi saa kumi. Baba mkwe naye alitoka mbio tangu asubuhi, chai hata hakuimaliza.

"Nimekwisha," alimwambia mumewe kwenye simu. "Mama yako atanirudisha kwetu na masanduku yangu."

"Acha kulia, bwana. Supaglu yangu iko kwenye boksi chini ya kitanda chetu. Paka, bana, halafu nyunyizia magadi soda kidogo. Inashika hapo hapo."

"Hapo hapo kweli?"

"Kufumba na kufumbua. Ila vidole vyako viweke mbali!"

Kwenye mpasuko alikuta kibonge cha chingamu, bado laini. Akakitoa kwa ncha ya pini, akajiambia mafundi wana mambo yao. Akapaka gundi, akabana bawa, akanyunyiza unga. Gundi ikafuka kimoshi, ikawa jiwe, pamoja na kidole gumba chake.

Alicheka huku machozi yakimlengalenga. Akaibeba ndege hadi chumbani, au tuseme walibebana, akatafuta dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akalowesha kijiti cha pamba na kukipitisha ukingoni mwa kidole, tone kwa tone, akichunga isiguse rangi ya ndege, maana ingeyeyuka nayo. Polepole ngozi ikaachia. Kwa tupa ya kucha akasugua mshono hadi ukapotea machoni.

Saa kumi kasorobo, ndege ikiwa ndiyo kwanza imerudi kwenye rafu, mlango ulifunguliwa. Baba mkwe aliingia kwa kunyata, viatu mkononi. Alipomwona mkwewe, akaganda.

Nyumba nzima ilinuka dawa ya kucha. Hapa hapafichiki kitu, binti aliwaza.

"Baba, nisamehe," alisema akipiga magoti. "Ile ndege..."

Mzee alikuwa ameshafika kwenye rafu. Aliligusa bawa la kushoto. Akalitikisa. Akalitikisa tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akajibwaga kwenye zulia na kucheka hadi miwani ikamtoka.

Alipopata pumzi, alichomoa mfukoni supaglu mpya kabisa na kumtilia mkwewe mkononi.

"Kaifiche hii upesi, mwanangu," alinong'ona. "Mji mzima nimeuzunguka kuitafuta. Mama yenu akijua nililivunja, atakayefungasha virago ni mimi!"