Mshumaa Kwenye Pango la Warumi

Mshumaa ulizimika ulipofika usawa wa magoti ya Ersilia.

Aliuwasha tena, akaushusha polepole. Mwali ulinywea, ukawa wa buluu, ukafa. Moshi wake haukupanda. Ulitandaa ubapa juu ya kitu kisichoonekana, kama maziwa yaliyomwagika mezani.

Mwanawe alikuwa ameketi nje, mlangoni mwa pango, akimenya yai. "Mama, hili ni pango la Warumi, siyo ghala lako la divai. Watu hupita hapa na watoto kila Jumapili."

"Jumapili zenye upepo," alisema Ersilia.

Leo hapakuwa na upepo; ziwa la Albano lilikuwa limelala kule chini kama mafuta kwenye sahani. Kwao hakuna mtu anayeshuka ghalani divai ikichacha bila kutanguliza mshumaa chini, maana hewa mbaya, inayozima moto na kuua mtu, hulala sakafuni. Na marehemu babake alikuwa akisema mlima huu wa moto wa zamani bado unaipumua hewa hiyohiyo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si mnacheza kujificha? Kaingia humo wakati unahesabu." Mwanawe alicheka. "Siku hizi kajua mchezo, bibi yake. Hata kicheko hakimtoki."

Mjukuu alikuwa na miaka mitatu. Akisimama, kichwa chake kilimfika Ersilia pajani. Lakini kila akijificha, huchuchumaa.

Ersilia alijaza hewa kifuani, akaibana, akaingia.