Njia ya Pembeni

"Ni simu moja tu, dada Mwatumu," alisema mgeni, akimenya karanga kama yuko harusini. "Wengine wote wapite njia yao ya kawaida. Ya mwalimu Kibwana ipite kwetu kwanza, ndipo iende iendako."

Mwatumu, fundi wa intaneti ya mji, akacheka. Kwa wageni wa aina hii, kicheko ni bima. Mwalimu alikuwa akiandika habari za maji yaliyoua watoto.

"Naye asijue?"

"Ataona intaneti nzito kidogo. Atalaumu mvua, kama sisi sote."

Mgeni alipotoka kunawa mikono, Mwatumu alichomoa simu yake akamwandikia mwalimu upesi: "Zima simu, uondoke nyumbani." Akatuma. Kisha akafungua ruta, mtambo unaoelekeza mawasiliano ya mji, aandike amri aliyoagizwa, asije akashukiwa.

Akakuta amri kama hiyo imeshaandikwa, kwa mkono asioujua. Simu moja tu, ipitishwe pembeni. Akaisoma namba mara mbili.

Ilikuwa ya simu yake mwenyewe.

Huko nje, simu ya mgeni ikalia mlio mfupi. Bomba alilokuwa akinawia likafungwa.