Habari za Bondeni

Siku ile walikuwepo Korongo mjumbe wa Tembo, Nungunungu mwenye maneno makali, Kobe mpole, na Mama Digidigi na mwanawe. Tembo alikuwa ameahidi kuchimba kisima katika bonde lenye maisha magumu kuliko yote, na Korongo ndiye aliyetumwa kuwauliza wenyeji.

Korongo alikuwa na haraka. "Habari za hapa?"

"Nzuri," akasema Kobe.

"Nzuri tu," akasema Nungunungu.

Mama Digidigi alitamani kusema kwamba mwanawe ana kiu tangu jana. Lakini nani humlilia mgeni ambaye hata hajaketi? "Njema, baba. Karibu maji."

"Basi bonde hili ni jema. Nipe hayo maji niende zangu."

Kibuyuni mlikuwa na funda moja tu, la mtoto. Mama Digidigi akalimimina juu ya jani.

Nungunungu akamzuia. "Dada, hilo ni la mtoto." Akaleta tone lake mwenyewe, na Kobe akaleta umande aliouhifadhi kwenye kifuu. Vyote pamoja havikulowesha hata ncha ya mdomo wa Korongo.

"Mbona mlisema nzuri?"

"Ulitusalimu, tukaitikia," akasema Nungunungu. "Ulitaka tukutukane?"

Korongo akamsogezea mtoto lile jani. "Nitamwambia Tembo kwamba hapa majirani wapo, ila maji hayapo."

Kisima kilichimbwa kabla ya masika. Na hadi leo, Korongo akifika ugenini huomba maji kwanza, ndipo aulize habari.