Gunia Linalolegea

Gunia liliteleza tena mikononi mwa Nabintu, likabaki nusu kitandani, nusu sakafuni.

"Hapana kwa kiuno, mama. Ni kwa magoti," alisema Baudouin, mwanawe wa pekee, akiwa amekaa juu ya jerikeni karibu na mlango. "Rudilia."

Nabintu alimtupia jicho la pembeni. Tangu usichana wake kule Kivu alibeba mihogo, kuni na maji mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, hadi paji lenyewe likabaki na bonde. Milima yote ile aliipanda na kuishuka salama, na leo anafundishwa kubeba na mtoto aliyemzaa mwenyewe!

"Unipatie kamba yangu," alisema, "mu dakika moya hii gunia itafika Isingiro."

Baudouin alicheka. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki moja ya Mbarara, huku Uganda. Kazi yake ilikuwa kuwanyoosha watu walioumia migongo kwa kubeba vibaya, na ile kamba ya kichwani aliiona adui. Kila Jumapili baada ya ibada alifika Misiera, kwenye kambi ya wakimbizi, akamwondoa mama yake kwenye sufuria na kumpa zoezi. Asimame na kukaa bila kushika kitu. Auegemee ukuta akiwa amekunja magoti mpaka mapaja yatetemeke. Kisha gunia: alitoe kitandani, aliweke kwenye kiti.

"Na sababu gani kitandani?" Nabintu aliwahi kuuliza.

"Sababu kitanda haiko chini sana. Mugongo yako haitainama mingi."

Gunia lenyewe lilikuwa kero. Lilikuwa refu, limejazwa mchanga na matambara, na Baudouin alikuwa amelilegeza makusudi, likawa linalala huku na huku kama mlevi. "Muzigo yenye kukaza, kila mutu anaweza," alisema. "Wewe ujifunze yenye kulegea." Katikati alikuwa amelifunga mkanda wake wa suruali, ndipo pa kushikia. Ole wake Nabintu akilivuta kwa pembe za juu. "Pale hapana, mama! Itachomoka."

Nabintu alijua kwa nini anateswa hivi, ingawa Baudouin hakumwambia. Aliyemfungua macho ni Ancilla, jirani yake muuza dagaa. Kwa miezi sasa Baudouin alikuwa akiitwa hospitali kule Mbarara. Wakamtoa damu, wakampiga picha za kichwa na mgongo, wakamwambia arudi tena. "Ile ni medikali, vipimo ya wakimbizi wenye kupata safari," Ancilla alinong'ona. "Hata shemeji yangu ilikuwa vile. Kwanza medikali, kisha ndege. Kanada."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alipata safari, na sasa alikuwa akimwimarisha mama atakayebaki peke yake. Ndiyo maana alikonda. Ndiyo maana Jumapili iliyopita kikombe cha chai kilimponyoka, akakitazama tu kikibiringika. Akili yake ilikuwa imeshapanda ndege. Nabintu aliifuta chai ile huku akimeza machozi, asiulize kitu. Mama gani anamfungia mwanawe njia? Lakini alipokuwa peke yake akichochea moto, moyo ulimshinda akaomba, na ombi lenyewe alilionea aibu: "Bwana, umuzuie. Asiende fasi yoyote. Abaki hapa na mi."

Na kwa kuwa Kanada hakuiweza, alifanya mazoezi. Aliuegemea ukuta magoti yamekunjwa, akisubiri maharage yaive. Majirani walicheka, bibi mzima anacheza spoti, akawaacha wacheke. Kama mtoto lazima aende, basi aende bila wasiwasi.

Leo Baudouin alimwambia aongeze mchanga kidogo, akaliangalia gunia kwa muda, akasema, "Imetosha. Haitazidi hapa. Itapunguka tu."

Nabintu hakuelewa, wala hakujali. Alitanua miguu. Aliushika mkanda, akalivuta gunia kifuani kana kwamba anakumbatia mgeni, akaisukuma ardhi kwa miguu. Akageuka kwa hatua ndogondogo, mgongo umenyooka, akalikalisha kwenye kiti taratibu. Halikulala upande.

Alimgeukia mwanawe kwa fahari, akamkuta analia.

Naye hakuweza kujizuia tena. "Uende, mutoto wangu. Unaona niko na nguvu. Uende tu Kanada, mi nitabaki muzuri."

"Kanada?"

"Ancilla aliniambia ile mambo ya medikali."

Baudouin alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mama, mi siendi fasi yoyote."

Nabintu alipiga vigelegele mpaka Ancilla akachungulia dirishani. Alipiga magoti, akainua mikono, akalia kwa furaha bila haya. "Aksanti, Yesu! Aksanti!" Mungu alikuwa amemsikia neno kwa neno.

Baudouin alingoja amalize. Kisha akainuka kwa kushika mlango, akashika meza, akafika kwenye kiti. Vidole vyake vilihangaika na bizimu ya mkanda mpaka ikaachia. Alilisukuma gunia kwa bega likaporomoka chini, akajifunga mkanda ule kiunoni, akaketi kitandani, pale pale lilipokuwa gunia. Aliunyanyua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka sawa. Halafu wa kulia.

"Sasa uniinue mi, mama," alisema. "Tujifunze wakati hii ugonjwa ingali inaniachia sauti ya kukuelekeza."