Ndizi ya Kujaa Ukucha

Eee, nzi, umesikia vizuri! Wale wadogo wadogo wanaofuata ndizi mbivu. Kokwijuka aliwaleta nyumbani kwao Nyanga kutoka chuoni, chupa mbili, na insulini yao ilikuwa haifanyi kazi sawasawa, kama ya babu yake mwenye kisukari. Chupa moja walishiba, nyingine walipunjwa, ili ajue wepi wataishi zaidi. Akamwachia mzee huyo awatunze, akaenda Muleba wiki tatu.

Siku aliporudi hata viatu hakuvua.

"Babu! Waliopunjwa wako hai karibu wote! Walioshiba wamebaki saba! Njaa imewaongezea siku!"

Akaruka, akacheka, akampigia mwalimu wake. Simu ikawa inaita.

Mzee akatazama kidole gumba chake. Ukucha ulikuwa bado na utelezi wa ndizi ya asubuhi. Njaa ya kupimiwa chakula aliijua yeye. Angenyamaza tu, mtoto angefurahi.

"Kata simu, mjukuu wangu. Hao waliopunjwa, niliwalisha."

"Uliwalisha nini?"

"Ndizi ya kujaa ukucha, kila asubuhi. Walikuwa wananiangalia."

"Nzi wakuangalie, babu!"

Akakata simu. Kisha akaudaka ule mkono, akaweka rula kwenye ukucha.

"Ukucha mmoja? Hukuzidisha?"

"Hata Jumapili sikuzidisha."

"Basi labda si njaa, ni kiasi!" Sasa alipiga kelele kuliko mwanzo. "Tunaanza upya, babu! Chupa tatu! Ya tatu itapata ndizi ya ukucha wako!"

"Mtaanza mkishakula," bibi yake akasema kutoka jikoni, akatua sinia la matoke, na wote wakakaa.