Ziwa Lenye Homa

Uvumi ulisema ziwa lina homa, na Jovina hakuweza kuutoa kichwani. Binti yake Jeska na wadogo zake watatu walikuwa wakioga humohumo.

Redio nayo ilikuwa imeeleza: bahari ya mbali, upande wa pili wa dunia, imepata joto kupita kawaida, na mwaka wa namna hiyo hata maziwa ya huku hayasalimiki. Maji ya moto hulala juu kama mfuniko, samaki wa chini wakakosa hewa. Na kweli, pale kijijini Giteranyi sato walikuwa wameanza kuelea, tumbo juu.

Bwana Egidius, mtaalamu wa maji wa Gitega, alimkabidhi Kasiano, mume wa Jovina, kipimo cha joto, cha kioo, chenye kamba. Kila asubuhi Kasiano alikizamisha ziwani, akahesabu hadi mia tatu, akarudi na baiskeli kilomita tatu za mawe, mikono yote miwili kwenye usukani. Akifika nyumbani huvaa miwani, husoma, hupiga simu Gitega.

"Thelathini na saba, bwana."

"Thelathini na saba!" Egidius alipiga kelele hata Jovina akasikia. "Mwaka jana lilikuwa ishirini na nne!"

"Usiogope, mama," Kasiano akamtuliza mkewe. "Hilo ni joto la mtu mzima mwenye afya."

Wiki ya pili ikaja thelathini na tisa. Giteranyi ikachanganyikiwa. Mgonjwa hutembelewa, basi nalo wakalitembelea: akina mama walipanga foleni ufukweni, wakaliambia pole, wakaliachia kibuyu cha bia ya mtama pamoja na mirija yake. Kassimu, mchuuzi wa samaki kutoka Muyinga mjini, alishika kichwa.

"Mama Jeska, mi nauzisha samaki mubichi! Sasa wateja wananiuliza kama iko tayari kuliwa, ao wangoje kidogo."

Jovina akaenda kuchovya kidole. Maji yalikuwa baridi. Hilo ndilo lililomtisha zaidi: mgonjwa mahututi huanza kupoa miguuni.

Jumatatu Kasiano alisoma arobaini, amevaa makoti mawili juani, meno yakigongana.

"Umeona?" Jovina akasema. "Hata wewe unaliogopa. Twende kwa dada yangu kule Itaba, upande wa Gitega."

"Na nani atapima? Dunia nzima inangoja."

"Dunia ina wenyewe. Wewe una watoto."

Hakusikia. Jovina akakusanya watoto, sufuria na kuku mmoja, akapanda gari la Gitega, akimshukuru Mungu kwamba amewaokoa.

Siku ya tatu Egidius akamfuata hukohuko Itaba, simu mkononi. "Jana mumeo alisoma arobaini na moja. Leo hapokei simu."

Jovina akamwachia dada yake watoto, akaondoka na Egidius; wakafika ziwani mchana. Egidius akaingia mtumbwini, akazamisha kipimo chake mwenyewe, akasoma palepale, akakipangusa, akasoma tena. Ishirini na sita.

"Limepanda nyuzi mbili tu," alisema. "Zinatosha kuua samaki. Lakini arobaini na moja ilitoka wapi?"

Jovina alikuwa ameshashika njia ya nyumbani, viatu mkononi.

Saa kumi, kwenye benchi la kituo cha afya, akisubiri chupa ya serumu inayomdondokea mume wake mshipani iishe, alichana karatasi ya daftari akawaandikia majirani:

Msile samaki aliyekutwa anaelea.

Watoto wasioge penye utando wa kijani.

Msilimwagie ziwa bia.

Mtu akitetemeka juani, msiseme ni woga. Apelekwe akapimwe malaria.

Anayepima ziwa asome hukohuko ziwani, hata kama miwani iko nyumbani.

Na akirudi na baiskeli, kipimo asikibane kwapani.