Unga Kwenye Betri

Kwa miaka minane Bwana Shekuwe alilipangusa gari lake kila asubuhi, na hakuwahi hata mara moja kufungua boneti. Siku lilipogoma kuwaka akaifungua, akakuta unga wa kijani na mweupe umeota kwenye vichwa vya betri. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Nimerogwa," akasema. Na kwa kuwa jirani yake alikuwa mjane, hakuhangaika kumtafuta mchawi mbali.

Mjane mwenyewe, Bi Rukonge, alikuta wanaume sita langoni kwake, Shekuwe mbele, wakimtaka akautoe uchawi wake. Akawatazama mmoja mmoja, na ndevu zao. Akaingia jikoni, akatoka na birika la maji ya moto, magadi ya kupikia maharage, mswaki mkuukuu na spana ya marehemu mumewe.

Akaenda moja kwa moja kwenye gari la Shekuwe, akafungua nyaya za betri, akamimina maji ya magadi. Unga ukafanya povu. Wanaume wakarudi hatua mbili. Akasugua mpaka vichwa vikang'aa, akakausha, akafunga nyaya, akapaka grisi.

"Washa."

Shekuwe hakusogea. Bi Rukonge akaingia mwenyewe, akawasha. Gari likanguruma.

"Uchawi wako unaitwa uvivu, baba," akasema, akashuka, akaliacha likinguruma.

Alipofika langoni kwake akageuka. Shekuwe alikuwa bado analizunguka gari, leso mkononi, akitafuta mlango ambao mjane hakuugusa, aingie alizime.